Kompyuta mpya inawaka ila kioo giza: namna ya kuusaka ugonjwa ukiwa Mtwara, mbali na Kariakoo

Wakuu, hili jambo nimelielezea kwa simu mara nyingi mno, kwaiyo leo nakaa chini naliandika lote. Mtu kaagiza kompyuta ya mezani Dar, au kaagiza vipande kimoja kimoja akavipachika mwenyewe huku anaangalia video, anabonyeza swichi, feni zinazunguka, vitaa vya rangi vinawaka kama ukumbi wa harusi, halafu monita inaandika No Signal inalala. Hapo ndo roho inapaa, maana hela ya korosho ya msimu mzima imeingia mle ndani.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Fundi wa Kariakoo na wewe uliyeko huku hamfanyi kazi moja. Yeye akikutana na kioo giza anaazima ram (kile kipande cha kumbukumbu) duka la jirani, anabadilisha, bado, anaazima pawa saplai (lile boksi la umeme la ndani), bado, anaazima nyingine mpaka ananasa, na wala simlaumu, vifaa viko kwenye kona hiyohiyo anayokaa. Huku Mtwara ukisema ngoja niagize ram nyingine nijaribu, hiyo ni kilomita zaidi ya 500, basi la kesho, hela ya kifurushi, na ikifika ukakuta shida haikuwa ram umeumia mara mbili. Mwaka 2024 barabara ilipokatika na mvua pale Somanga nilikuwa na mzigo wangu njiani, nilijifunza uvumilivu siku ile. Kwaiyo huku inabidi uujue ugonjwa kabla hujanunua dawa. Na kwa zile mpya nilizoshika mimi, kifaa kilichokufa kweli nimekutana nacho mara chache sana, mara nyingi ni waya umekaa pabaya, ram haijaingia mpaka mwisho, au kitu kimelegea kwenye basi.

Halafu tuwekane sawa kwenye majina. Huku watu wengi lile boksi zima wanaliita CPU. Mi nitaliita kesi, kile kichipu kinachokaa chini ya feni nitakiita prosesa, na lile bamba kubwa linalobeba vyote, yaani mazabodi, nitaliita bodi, tusije tukachanganyana katikati ya safari.

Kabla hujafungua chochote, itazame inafanya nini

Kaa nayo dakika mbili tu uiangalie. Ukibonyeza swichi haistuki kabisa, hata feni moja haigeuki? Au inageuka sekunde mbili inazima, inageuka tena inazima, yenyewe tu? Au inawaka vizuri inabaki inaunguruma ila kioo giza? Hayo ni magonjwa matatu tofauti. Ya kwanza ni umeme au swichi. Ya pili mara nyingi kuna kitu kinashoti au ram haijakaa, japo bodi nyingine mpya zinajizima na kujiwasha mara moja mbili siku ya kwanza na hiyo ni kawaida yake. Ya tatu ndo kubwa yetu leo.

Na kama bodi yako ni ya ram za DDR5 (kizazi kipya cha ram), hasa zile za prosesa za AMD za soketi ya AM5 (soketi ni pale prosesa inapokaa), usiwe na papara. Siku ya kwanza inajifunza ram zake, kioo kinaweza kukaa giza dakika kadhaa, ram zikiwa kubwa hata dakika 10 au 15, na kitaa cha ram kinawaka muda wote huo. Nimeona mtu anazima anawasha, anazima anawasha, kila akizima inaanza darasa upya. Iwashe nenda kanywe chai.

Waya wa kioo na tundu lake (hapa ndo mimi mwenyewe niliaibika)

Kuna mama mmoja ana steshenari Mikindani, alinipigia, "Mwanangu, mashine inanguruma lakini kioo kimekataa kufunguka." Nikaenda. Mashine mpya, imekuja na basi la usiku, imepachikwa Dar. Mi nikajifanya bingwa, nikafungua kesi moja kwa moja, nikatoa ram nikarudisha, nikatoa nikarudisha, giza. Nikamwambia mama hii ram imekufa, tuagize. Siku ya tatu ram ikaja, nikaweka, giza vilevile. Nimeinama nyuma ya meza nisogeze waya niipumzishe mashine, ndo naona kumbe kule nyuma kuna tundu mbili za HDMI, zile za waya wa picha, moja juu karibu na tundu za USB, nyingine chini zaidi imelala mlalo. Waya wa monita ulikuwa juu. Nikauchomoa nikauweka chini, kioo hicho kikawaka. Mama akanitazama tu, "Ehe, na hii ram yangu ya pili?" Hela yake nilimrudishia, ram ikabaki kwangu, hadi leo naitumia kupimia.

Maelezo yake ni haya. Tundu la juu ni la mazabodi, linafanya kazi kama prosesa yako ina grafiksi, yaani sehemu ya kutengeneza picha, ndani yake. Tundu la chini ni la grafiksi kadi, kile kipande cha picha kinachopachikwa peke yake kwenye bodi. Sasa zipo prosesa hazina grafiksi ndani kabisa. Kwa Intel angalia herufi ya mwisho, ikiwa na F kama i3-10100F au i5-12400F, haina. i5-12400 bila F inayo. Kwa AMD za soketi ya AM4 ni kinyume, nyingi hazina mpaka uone G mwishoni, yaani Ryzen 5 5600G inayo, lakini 5600, 5600X, 5500 na 3600 hazina. Ryzen za 7000 nyingi zimewekewa kagrafiksi kadogo ndani, isipokuwa za F kama 7500F. Kwaiyo kama umenunua prosesa isiyo na grafiksi na hukununua kadi, kioo hakitawaka hata uiombee dua, hakuna kilichoharibika, umepungukiwa kifaa tu. Na kama kadi unayo, waya uende kwenye kadi, siku zote.

Ukishahamisha waya angalia na monita yenyewe. Kwenye vibonye vyake kuna sehemu ya kuchagua inasikiliza tundu gani, unakuta waya uko HDMI 2 na yenyewe inasubiri HDMI 1 au VGA. Na wale mnaotumia tv ya sebuleni ni hivohivo, chukua rimoti chagua. Njia rahisi ya kujua kama monita na waya ni wazima, chomeka waya uleule kwenye king'amuzi au laptopu ya mtu, picha ikija shida iko kwenye kesi.

Sasa waya, hapa watu wanapigwa sana. Kompyuta nyingi za mtumba za maofisini, mfano Dell OptiPlex 7010 au HP EliteDesk 800 G1, nyuma zina VGA na DisplayPort, HDMI hamna. Ule waya wa DisplayPort kwenda HDMI unapita njia moja tu, kichwa cha DisplayPort kinakaa kwenye kompyuta na cha HDMI kwenye monita. Ukitaka kuugeuza, kompyuta ina HDMI monita ina DisplayPort, haufanyi kazi, na muuzaji hakwambii. Vilevile kugeuza HDMI iende kwenye monita ya zamani ya VGA unahitaji kile kiadapta chenye saketi ndani yake, waya mtupu wenye vichwa viwili ni kupoteza hela. Kama monita na kompyuta zote zina tundu la aina moja, tumia hilo, achana na adapta zote mpaka kioo kiwake.

Kuna wengine wana kadi ya zamani, tuseme ya mwaka 2010 kurudi nyuma, wameipachika kwenye bodi mpya. Bodi nyingi za sasa zinatoka zimezima ule mfumo wa kizamani unaoitwa CSM, na kadi ile haijui lugha mpya ya UEFI, kwaiyo giza. Kama prosesa ina grafiksi, toa kadi, tumia tundu la juu.

Umeme, kwa mkono na kwa macho

Zima, chomoa waya wa ukutani, halafu bonyeza swichi ya kompyuta ushikilie kama sekunde 15 umeme uliobaki ndani uishe. Gusa bati la kesi kabla hujagusa bodi. Huku pwani hewa ina unyevu, ule umeme tuli wa kukaanga vifaa hautusumbui kama watu wa sehemu kavu, ila kugusa bati hakugharimu kitu.

Nyuma ya pawa saplai kuna swichi ya I na O, iwe kwenye I. Nyingine, hasa za bei rahisi, zina kaswichi kekundu ka 115 na 230. Umeme wetu ni 230, kaswichi kakae 230, na usikaguse ikiwa imechomekwa. Mtu akikaweka 115 halafu akachomeka ukutani utasikia mlio na harufu, hapo hamna kingine cha kutafuta.

Sasa fungua mfuniko wa pembeni. Kuna waya wa pawa saplai mkubwa wa pini 24 unaingia ukingoni mwa bodi, huo kila mtu anaujua. Unaosahaulika ni wa pini 8, au 4 kwa bodi ndogo, kule juu kona ya kushoto karibu na prosesa. Huo ndo unaoilisha prosesa. Bila huo feni zinazunguka, taa zinawaka, kila kitu kinaonekana kizima na kioo ni giza totoro. Unafichika nyuma ya feni, kwaiyo tumia tochi ya simu, usikisie. Na usichanganye, waya wa prosesa unagawanyika 4 na 4, wa grafiksi kadi unagawanyika 6 na 2, vichwa vinafanana ila sio kitu kimoja, ukiona unalazimisha kuingia ujue umekosea. Kadi kubwa nazo zina tundu la umeme juu yake, likibaki wazi kadi haiamki au inaandika ujumbe wa kukudai waya.

Onyo moja la maana, pawa saplai zile ambazo waya zinachomoka pande zote mbili, usichukue waya wa pawa saplai ya kampuni nyingine ukauchomeka kwa sababu umeingia. Mpangilio wa upande wa pawa saplai haufanani, unaweza kupeleka volti 12 panapotakiwa 5, na hapo umeua diski au bodi nzima.

Kama haistuki kabisa, mara nyingi ni kale kawaya ka swichi ya mbele, kamechomekwa pini za jirani. Kwenye bodi kuna kundi la pini limeandikwa F_PANEL au JFP1, tafuta pini mbili za PWR_SW, chomoa kawaya, halafu ziguse hizo mbili kwa ncha ya bisibisi nukta moja tu. Ikiwaka, swichi ndo ilikuwa shida na bodi ni nzima.

Ram, usiiogope

Hapa tukae kidogo maana ndo panapopona nyingi. Ram mpya ukiiweka kwa woga haiingii. Fungua vile vishikizo vya pembeni, bodi nyingine zina kishikizo upande mmoja tu, kisha tafuta kale kapengo kwenye ram kakae sawa na kajino kwenye tundu. Kapengo hakako katikati kabisa kwa hiyo ram inaingia upande mmoja tu, na DDR4 haiwezi kukaa kwenye tundu la DDR5, pengo lake liko kwingine. Weka dole gumba upande huu na dole gumba upande ule, sukuma moja kwa moja chini. Bodi itapinda kidogo, utadhani unavunja, endelea, utasikia tak, halafu tak upande wa pili, na kishikizo kinajifunga chenyewe. Kama ulikifunga wewe kwa kidole, ujue ram haijaingia bado. Chuchumaa uangalie kwa pembeni, ile mistari ya dhahabu ikionekana upande mmoja zaidi ya mwingine, imekaa kimshazari.

Matundu yako manne na ram ni moja? Usiweke popote. Hesabu kuanzia kwenye prosesa, weka tundu la pili. Ram mbili ziwe la pili na la nne. Kwenye bodi yameandikwa A2 na B2. Bodi nyingine ukiweka la kwanza inagoma kabisa, sijui kwanini wasiyaite tu moja mbili tatu nne.

Kama una ram mbili, toa zote, weka moja tundu la pili, washa, subiri dakika mbili tatu. Giza? Zima, weka ile nyingine tundu hilohilo. Giza? Rudi na ya kwanza tundu la nne. Kwa hiyo michanganyo michache unajua kama mbovu ni ram au ni tundu, na hujatumia hata mia. Andika kwenye karatasi ipi umejaribu wapi, ukifika ya tano utasahau, nakwambia.

Ram iliyokaa dukani au ya mtumba, mistari yake inafifia na chumvi ya bahari, pwani yote hii kuanzia Msimbati mpaka Lindi mjini hewa ni hiyo. Chukua raba nyeupe ya penseli, ile laini, sugua mistari taratibu, pukuta makapi kwa brashi kavu mbali na bodi, rudisha. Usitumie msasa, na kupuliza kwa mdomo acha, unapulizia mate.

Isikilize, bodi inaongea

Bodi nyingi za sasa zina vitaa vinne vidogo karibu na ram vimeandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Ukiwasha vinapita kimoja kimoja, kinachobaki kimeganda ndo kinakuonyesha pa kwenda. Kikiganda DRAM rudi kwenye ram. VGA ni kadi, waya wa kioo, au ndo yale ya prosesa isiyo na grafiksi. CPU ni ule waya wa pini 8, au prosesa haijakaa, au bios (programu ndogo ya kuiamshia bodi) haiijui, ntakuja kueleza. Kikiganda BOOT shangilia, picha inatakiwa iwepo tayari, haijapata tu Windows ya kuanzia, kwaiyo kama kioo bado giza shika waya na monita.

Bodi isiyo na vitaa tafuta kaspika kadogo kale ka milio, kwenye kesi ya zamani kapo, kachomeke kwenye pini za SPEAKER. Halafu fanya hivi, toa ram zote, washa. Bodi ikilalamika kwa milio, bodi na prosesa vina uhai, vinaona kwamba ram hamna. Ikikaa kimya kabisa bila ram, basi hapo prosesa, bodi au pawa saplai. Kipimo hiki kimoja kimeniokoa sana kuliko mashine zozote. Za mtumba za Dell na HP zenyewe zinaongea kwa kupepesa taa ya swichi, hesabu zimepepesa mara ngapi rangi gani, halafu tafuta maana yake kwa jina kamili la modeli, maana modeli na modeli hazifanani.

Futa kumbukumbu ya bios

Inachukua dakika tano. Umeme umechomolewa, toa kabetri ka duara ka CR2032, subiri dakika tano, rudisha maandishi yakiangalia juu. Au kama bodi ina pini mbili za CLRTC au CLR_CMOS, zigusanishe kwa bisibisi sekunde 10. Hii inasaidia hasa kama mtu wa dukani aliiongezea ram spidi ikagoma. Kama kabetri kalikuwa dhaifu, kapya kana volti 3, weka kapya tu, hakana bei.

Bado giza? Ivue nguo

Sasa toa kila kitu kisicho cha lazima. Diski zote, wifi, USB zote, hata kibodi na mausi. Kadi pia toa kama prosesa ina grafiksi. Kinachobaki ni bodi, prosesa na feni yake, ram moja, pawa saplai, na kioo. Ikiwaka, ongeza kitu kimoja, washa, ongeza kingine, washa. Yule atakayeizima ndo mwizi.

Ikiendelea giza, toa bodi nje ya kesi kabisa uiweke juu ya boksi la karatasi iliyokuja nalo. Sio juu ya ule mfuko wake wa kijivu unaong'aa, nje yake unapitisha umeme. Washa kwa bisibisi kwenye PWR_SW. Ikiwaka nje na ndani ya kesi inagoma, kuna shoti. Angalia vile vinati vya shaba vinavyoinua bodi, kimoja kikiwa mahali ambapo bodi haina tundu la skrubu kinaigusa mgongoni. Skrubu iliyoanguka nayo inafanya hivo. Kwenye kesi za mtumba nimeshatoa mjusi aliyekauka ndani ya pawa saplai na ukoo mzima wa sisimizi, hiyo nayo ni shoti.

Ukiwa hapo nje, angalia na prosesa. Kwa Intel za sasa na AMD AM5 pini ziko kwenye bodi, nyembamba kama nywele, washa tochi uangalie kwa mshazari, zinatakiwa zing'ae mistari iliyonyooka, moja iliyopinda inaonekana kama jino lililoota vibaya. Kwa AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na ukitoa feni kwa kuvuta moja kwa moja juu pasta (ile krimu ya joto kati ya feni na prosesa) ikiwa imeganda inang'oka na prosesa. Iwashe kwanza ipate moto kidogo, izime, chomoa umeme, kisha zungusha feni taratibu kabla ya kuvuta. Pini iliyopinda inarudishwa kwa ncha ya penseli ya kubonyeza au kadi nyembamba, ila kama mkono wako unatetemeka mpe mwenzio.

Bodi na prosesa havijuani

Hii inawakuta waliochagua vipande wenyewe. Bodi za B450 zilitoka 2018, Ryzen 5000 zikaja mwishoni mwa 2020. Bodi iliyokaa stoo tangu zamani ina bios ya zamani, ukiweka 5600 haiijui, kioo giza na kitaa cha CPU kinawaka. Vivohivo bodi ya B660 au H610 ya mwanzo na prosesa ya Intel kizazi cha 13. Kama nyuma ya bodi kuna kibonye cha kuwekea bios bila prosesa umepona, pakua faili la modeli yako kamili, fleshi iwe FAT32, jina la faili libadilishe kama kitabu kinavosema, kwa MSI linaitwa MSI.ROM, chomeka tundu lililoandikwa, bonyeza, subiri kitaa kiache kupepesa. Fanya kazi hii ukiwa na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), nasisitiza, umeme ukikatika katikati bodi inaweza isiamke tena. Kama kibonye hamna, utaazima prosesa ya zamani kwa mtu.

Pawa saplai nimeiacha mwisho kwa makusudi. Unaweza kuipima bila bodi, waya zake zote zikiwa zimechomolewa kwenye vifaa, unaunganisha tundu la waya wa kijani na la mweusi wowote kwenye kile kichwa cha pini 24 kwa kipini cha karatasi, halafu unachomeka ukutani. Waya zote zikiwa nyeusi kijani chake ni pini namba 16. Feni ikizunguka ina uhai, ila uhai tu, haimaanishi inaweza kubeba mzigo, na nyingine feni yake haizunguki bila joto. Ndani yake usifungue, inahifadhi umeme hata ikiwa imechomolewa.

Ikibidi irudi Dar

Umepita yote, unajua sasa kuwa ni bodi au ni ram fulani. Kabla ya kuirudisha piga video moja bila kukata, onyesha namba ya kifaa, onyesha waya za pini 24 na 8 zimechomekwa, onyesha vitaa, washa. Muuzaji ukimtumia hiyo hakuulizi "umeangalia waya?". Grafiksi kadi isisafiri imepachikwa kwenye bodi, inaning'inia njia nzima kila tuta linavuta lile tundu, itoe ifungwe peke yake, na feni kubwa ya prosesa hivohivo. Na kile kifuniko cheusi cha plastiki cha soketi ulichokitupa siku ya kwanza, kakitafute kwenye takataka, maana bodi ikisafiri wazi pini zikapinda hakuna duka litakalokubali kuwa ilikuwa mbovu tangu mwanzo.